Mtoto Hatulii Darasani: Maswali ya Wasomaji na Majibu

Barua za mwezi huu zimetoka mitaa ya Mombasa: Likoni, Kisauni, Mji wa Kale, Mikindani na Changamwe, na karibu zote zinauliza jambo moja: mtoto anayeshindwa kutulia, kusubiri au kusikiliza asaidiwe vipi? Wanaojibu ni walimu wa madarasa ya chini na wa elimu maalumu. Msimamo wetu tuuseme mapema ili msomaji ajue tunakotoka. Kutulia ni ujuzi, hufundishwa kama herufi na hesabu, na mtoto hushikiliwa na mtu mzima kwanza kabla hajaweza kujishika mwenyewe.

*Shikamooni. Mwanangu ana miaka saba, yuko Gredi ya 2. Tunaishi Likoni na skuli iko ng'ambo, kwa hivyo kila asubuhi tunavuka na feri. Mwalimu wake hunipigia simu kila wiki: amesimama, ametoka kwenye dawati, amemsumbua mwenzake, hajamaliza kazi. Lakini nyumbani hukaa mbele ya katuni saa nzima bila kupepesa jicho. Naona anaweza ila hataki. Baba yake anasema dawa yake ni kiboko. Nifanyeje? – Mama wa Likoni*

Marahaba, Mama. Katuni na hesabu hazitaki umakini wa aina moja. Katuni hubadilisha picha kila baada ya sekunde chache, ikapiga mlio, ikaleta rangi. Jicho la mtoto linavutwa tu, yeye hajivuti. Ukurasa wa hesabu haumvuti mtu. Hapo mtoto lazima ajisukume mwenyewe, na kujisukuma huko kunataka mambo matatu: kushika maagizo kichwani huku akiyafanyia kazi, kuuzuia mwili na ulimi visirukie jambo jingine, na kubadili njia pale ya kwanza inapogoma. Sehemu ya ubongo inayosimamia haya iko nyuma ya paji la uso, nayo huendelea kukomaa hadi mtu avuke miaka ishirini. Mwanao yuko mwanzo wa safari hiyo. Si kwamba hataki.

Kiboko kitamnyamazisha kwa dakika hiyo, kwa hofu. Lakini hofu hukaa pale pale kichwani anapohitaji kushika maagizo, na hakuna fimbo inayomwonyesha mtoto afanye nini badala ya lile alilochapiwa. Kwa upande wa skuli, Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imekataza adhabu ya kumuumiza mwanafunzi. Mwambie baba yake kwamba tunalolipendekeza hapa si kulea kwa ulegevu. Linataka usimamizi mwingi kuliko fimbo.

Kabla ya yote, hesabu usingizi. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12 kwa usiku mmoja. Kama anaamka saa kumi na moja alfajiri kuwahi feri na analala saa nne usiku, amelala saa 7, na mtoto aliyekosa usingizi hasinzii kama mtu mzima. Yeye huruka, hulia ovyo na hushindwa kukaa kitako. Usimvute ghafla kwenda kulala saa moja na nusu, atagaagaa kitandani na wewe utakata tamaa. Wahisha saa ya kulala kwa robo saa kila baada ya siku tatu, na zima televisheni na simu saa nzima kabla ya kulala. Zoezi hili lipe wiki tatu. Wako watoto ambao simu za mwalimu hupungua kwa hili tu.

La pili ni kumfundisha kujisemesha. Watoto wadogo hujiongelesha wakicheza, na mwanasaikolojia Mrusi Lev Vygotsky alieleza karibu miaka mia iliyopita kwamba maneno hayo ya sauti ndiyo baadaye huingia ndani yakawa fikra za kujiongoza. Njia ya kuyatumia ina hatua tano. Chukua hesabu moja ya daftarini, tuseme 47 toa 23. Kwanza ifanye wewe, ukisema kwa sauti: "Naangalia alama. Ni kutoa. Naanza na mamoja: saba toa tatu, nne. Sasa makumi: nne toa mbili, mbili. Ishirini na nne. Naangalia tena." Pili, yeye afanye huku wewe ukisema maneno. Tatu, afanye na aseme mwenyewe kwa sauti. Nne, anong'one. Tano, midomo itulie, aseme moyoni. Usiharakishe kutoka ya tatu kwenda ya nne. Kaa hapo siku nne au tano. Na katika maneno yako tia kosa moja la makusudi: "Aa, nimekosea. Si neno. Nafuta, narudia." Watoto wengi hawaachi kazi kwa uvivu. Huiacha kwenye kosa la kwanza kwa sababu hawana maneno ya kujiambia hapo. Jambo la kujihadhari nalo ni kwamba ujuzi huu hauhami wenyewe. Akijifunza kwenye hesabu, hautajitokeza kwenye kusoma mpaka muufanyie mazoezi huko pia.

La tatu utalihitaji pamoja na mwalimu, nalo ni kadi ya siku. Kata kipande cha manila kiasi cha kiganja. Andika malengo matatu yanayoonekana kwa macho, kwa maneno ya kufanya badala ya maneno ya kukataza: "Nimeanza kazi kabla ya dakika mbili kwisha", "Nimeinua mkono kabla ya kusema", "Nimemaliza nusu ya kazi". Gawa siku sehemu nne, yaani miraba kumi na miwili, na mwalimu atie alama ya vyema pale alipofaulu. Wiki ya kwanza msimpe zawadi yoyote, mnahesabu tu mjue kawaida yake. Ikiwa hupata vyema 5, lengo la wiki ya pili liwe 6 au 7, basi. Akifikia lengo siku nne katika tano, panda kwa moja. Zawadi itolewe jioni ile ile, isiwe pesa: dakika kumi na tano za kucheza mpira na baba, au yeye kuchagua chakula cha Jumamosi.

Kadi hizi hufa kwa sababu zinazojulikana. Mzazi huanza na lengo la 12 kwa 12, mtoto anashindwa siku mbili, ya tatu anaitupa kadi majini. Au zawadi inasubiri Ijumaa, na Ijumaa kwa mtoto wa miaka saba ni mbali kama mwakani. Au jioni inageuka mahakama: "Hapa mbona hukupata?" Jioni zungumzia alizopata tu. Kadi ikipotea, hakuna zawadi siku hiyo, na hakuna ugomvi pia. Mwalimu akisema hana nafasi, punguza malengo yawe mawili. Sekunde kumi kwa kila sehemu ya siku atazipata.

*Mimi ni mwalimu wa Gredi ya 3, Kisauni. Nina watoto 72, madawati yamebanana, paa ni mabati. Nasoma ushauri wa "mpe kila mtoto nafasi ya utulivu" nikajiuliza uliandikiwa nchi gani. Kuna linalowezekana? – Mwalimu wa Kisauni*

Lipo, Mwalimu, na darasa kubwa ndilo linalolihitaji zaidi, kwa sababu watoto 72 hawawezi kusimamiwa mmoja mmoja. Inabidi darasa lenyewe libebe sehemu ya kazi.

Anza na utaratibu. Wiki mbili za kwanza za muhula fundisha namna ya kuingia, kugawa vitabu, kuomba ruhusa, kubadilisha somo, kama unavyofundisha jedwali la mara. Onyesha, wafanye, rudieni. Kugawa madaftari tu katika darasa la watoto 72 kunaweza kula dakika 8 za kipindi cha dakika 30. Mpe kila wa kwanza wa safu rundo la safu yake, lipitishwe nyuma, na mpime kwa saa ya simu: leo dakika nne, kesho tatu. Watoto hupenda kushindana na saa, na kelele nyingi za darasa kubwa huzaliwa kwenye mapengo haya ya kungoja.

Ishara ya kunyamaza iwe moja tu. Makofi ya mpigo ambao wao huujibu yanafaa, kwa sababu mikono inayopiga makofi imeacha ilichokuwa ikichezea. Sharti lake ni gumu kidogo: ukishapiga, usiseme neno hadi kimya kiwe kamili. Mwalimu anayeanza kuongea juu ya minong'ono huwafundisha watoto kwamba ishara maana yake ni "punguzeni kidogo", na baada ya wiki tatu haina kazi tena.

Maagizo yasizidi mawili kwa mara moja. "Toeni vitabu vya Kiswahili, fungueni ukurasa wa 34, someni fungu la pili halafu mjibu swali la kwanza hadi la tano kwenye daftari la zoezi" ni mambo manne. Wengi watabaki na la kwanza na la mwisho, kisha utawaona wanageuka kumuuliza jirani, nawe utaita huo utundu. Yachore ubaoni kwa alama ndogo: kitabu, 34, jicho, penseli. Kisha mtake mtoto mmoja wa safu za nyuma ayarudie.

Mpangilio wa madawati ufuate kazi. Kazi ya mtu mmoja mmoja hufanyika vizuri zaidi kwenye safu zinazoelekea mbele. Vikundi vya kukabiliana viwe vya majadiliano. Anayeshindwa kutulia akae safu ya pili, mbali na mlango na dirisha la barabarani, ubavuni mwa mwenzake mtulivu. Safu ya pili ina faida: unamfikia kwa hatua moja, na mbele yake yupo mtu wa kumwiga. Asikae peke yake kwenye kona. Kona humfundisha kwamba yeye si wa darasa hilo.

Sasa tukufungulie mchezo mmoja kwa kirefu, kwa sababu umepimwa zaidi ya karibu kila kingine. Ulijaribiwa mara ya kwanza Marekani mwaka 1969, katika darasa la nne lililomshinda mwalimu, na tangu hapo umetumika nchi nyingi. Gawa darasa timu; kwa 72 timu nane za watoto tisa zinafaa, na kila timu ichanganye watulivu na wasiotulia. Andika kanuni tatu au nne za wazi: tunakaa mahali petu, tunaongea kwa sauti ya kazi, tunatunza vitu vya wenzetu. Tangaza: "Mchezo unaanza, dakika kumi." Endelea kufundisha. Kanuni ikivunjwa, taja timu na kanuni kwa sauti ya kawaida, "Timu ya Pweza, kukaa mahali petu", tia alama moja ubaoni na uendelee. Usitaje jina la mtoto wala usihubiri. Timu yoyote yenye alama nne au chini imeshinda, na zote nane zinaweza kushinda kwa pamoja. Hii si ligi ya mmoja kumshinda mwingine. Zawadi haigharimu kitu: dakika mbili za kupiga ngoma juu ya madawati, au kutoka kwanza wakati wa mapumziko. Cheza mara tatu kwa wiki, dakika kumi. Baada ya wiki mbili au tatu ongeza muda kidogo kidogo, kisha anza kucheza bila kutangaza, na zawadi ije mwisho wa siku. Hapo ndipo utulivu unapohama kutoka ubaoni kuingia kwa mtoto.

Utaharibika wapi? Mara nyingi kwa mtoto mmoja anayegundua kwamba anaweza kuiangusha timu nzima, na akafurahia nguvu hiyo. Mfanye timu yake peke yake kwa siku chache, kwa upole, na umrudishe akipata ushindi mara mbili au tatu. Wenzake wakianza kumlaumu aliyewatia alama, kulaumu kuwe nako ni kuvunja kanuni. Na mwalimu akiweka alama kwa hasira, mchezo umekwisha; umekuwa adhabu ya jumla.

Tumia pia mwili wao. Kila dakika 15 wasimamishe kwa dakika moja na nusu. Huna haja ya kubuni kitu kipya, mchezo wa "nyama, nyama, nyama" unautosha wakati huo. Kiongozi anaita, wao wanajibu "nyama!", kisha anataja mnyama: ng'ombe, wanaruka na kujibu, mbuzi, wanaruka, fisi, kimya, asiruke mtu. Huo ndio ujuzi wa kujizuia tunaoutafuta, ukiwa umevaa nguo ya mchezo. Wakishauzoea ugeuze: waruke kwa wasioliwa, wanyamaze kwa wanaoliwa. Utaona vichwa vinavyofanya kazi, maana sasa wanalazimika kuiacha kanuni ya zamani. Kukosea ni sehemu yake, kwa hivyo usimtoe aliyekosea. Ukimtoa, anayehitaji zoezi zaidi ndiye atakayekaa nje akitazama.

Juu ya mabati na joto: kuanzia Desemba hadi Machi, kaskazi inapovuma, hisabati na kusoma viwe vya asubuhi, na chupa za maji ziruhusiwe kwenye dawati. Mvua ikipiga paa usishindane nayo kwa koo. Weka tayari kazi ya kuandika ya ubaoni kwa siku hizo.

*Nafundisha PP2, mwaka wa pili wa chekechea, Mji wa Kale. Wangu wana miaka mitano. Wananyang'anyana vitu, wanalia, wanapigana kwa kibao kimoja cha kuchorea. Nimebandika kuta zote picha za kupendeza wafurahi lakini sioni tofauti. – Mwalimu wa PP2*

Tuanze na kuta, Mwalimu, ingawa tunajua ulizipamba kwa mapenzi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2014 uliwafundisha watoto wa umri huo huo katika chumba kilichojaa picha na katika chumba kisicho na picha. Penye picha walitazama kando zaidi na wakajifunza kidogo. Acha ukuta wa ubaoni uwe mtupu, isipokuwa kile cha somo la leo. Picha zikae nyuma na ubavuni, na zibadilishwe.

Kungoja zamu ni kugumu kwa sababu muda hauonekani. Mtoto wa miaka mitano ukimwambia "ngoja dakika tano" umemwambia "ngoja". Mpe muda wa kutazama: saa ya mchanga, ambayo unaweza kuitengeneza kwa chupa mbili za plastiki za nusu lita. Gundisha vifuniko viwili mgongo kwa mgongo kwa gundi kali, acha zikauke usiku kucha, kisha toboa tundu moja katikati kwa msumari wa inchi 2 uliopashwa moto, tundu la milimita 3 hivi. Mchanga wa pwani unao bure, lakini usiutumie kama ulivyo. Chumvi yake hunyonya unyevu wa hewa yetu, nao utaganda tunduni baada ya siku mbili. Uoshe kwa maji ya bomba mara tatu au nne, uanike juani siku mbili, kisha uchekeche kwa chujio la chai ili vipande vya kombe vibaki juu. Tia kadiri ya glasi moja, funga chupa ya pili juu, zungusha tepu ya umeme kwenye maungio, pindua na upime kwa saa ya simu. Mchanga ukiisha kabla ya dakika tano ongeza, ukichelewa punguza. Weka hapo penye kibao cha kuchorea. Aliye nacho anajua muda wake unakwisha, anayengoja anaona unakuja, na wewe umeacha kuwa hakimu.

Watu wengi wamesikia habari za majaribio ya Walter Mischel kule Stanford, mtoto na peremende mezani, akingoja anapata mbili. Yaliyoenea ni kwamba aliyengoja alifanikiwa maishani, na hilo lilikuzwa mno. Uchunguzi wa mwaka 2018 uliolinganisha pia hali ya familia za watoto ulikuta uhusiano huo ni mdogo kuliko ilivyodhaniwa. Lenye manufaa kwako ni jingine. Peremende ilipofunikwa watoto walingoja zaidi, na waliofaulu wengi waligeuza uso, waliimba, walijichezea vidole. Hawakuwa na nguvu za ajabu. Walikuwa na mbinu. Kwa hivyo wafundishe mbinu: wanaongoja zamu wageukie upande mwingine, wawe na kazi mkononi, shanga za kutunga au vifuniko vya chupa vya kupanga kwa rangi.

Kabla ya kucheza, kila mmoja aseme mpango wake na auchore, hata kama mchoro ni mikwaruzo: "Mimi nitauza samaki, Asha ananunua." Akianza kuzurura muulize tu, "Mpango wako ulisemaje?" Wakisikilizana hadithi wawili wawili, mmoja ashike karatasi yenye picha ya mdomo, mwingine yenye picha ya sikio, wakimaliza wabadilishane. Sikio mkononi humkumbusha kazi yake bila wewe kusema.

Na kwa anayelia kwa hasira, usimfundishe wakati analia, hasikii. Mfundishe asubuhi akiwa mkunjufu: anusa ua, anapuliza chai ya moto, mara nne, kupuliza kukiwa kurefu kuliko kunusa. Siku ya hasira utasema "chai" peke yake.

*Ni kweli kwamba soda na sukari ndizo zinazowafanya watoto wawe wakorofi? Mke wangu amekataza hata kashata. – Baba wa Mikindani*

Sukari haichochei ukorofi, Baba. Mwaka 1995 majaribio kadhaa yalikusanywa pamoja, yote ya namna ambayo wazazi wala watoto hawakujua nani amepewa sukari, na hayakuonyesha kwamba hubadili tabia. Sherehe zenye soda huwa pia na kelele, wageni na kuchelewa kulala. Mkeo hata hivyo ana sababu nyingine nzuri, meno. Kinachoathiri darasa ni mtoto kwenda skuli bila kitu tumboni. Uji na mahamri kwa mbaazi vinamfikisha mapumziko akiwa bado anasikiliza.

*Assalaam aleikum. Nasomesha chuoni (madrasa) Kibokoni, baada ya Alasiri. Watoto hufika wamechoka, wengine wanasinzia, wengine wanacheza. Nikiwakemea wanatulia dakika mbili. – Ustadhi*

Waaleikum salaam, Ustadhi. Watoto hao wamekaa kitako tangu saa mbili asubuhi, na unawapokea mwishoni mwa akiba yao. Dakika kumi za kwanza wape maji, tende moja moja kama zipo, na kukimbia uani. Hazipotei, utazipata kwenye kisomo. Kisha kata muda vipande: dakika kumi za kuhifadhi kwa sauti, dakika tano za kuandika ubaoni, kumi za kusikilizana wawili wawili, tano za kusimama. Aya mpya iwe fupi na irudiwe leo, kesho, na baada ya siku tatu. Kurudia kwa kuachanisha hushika kuliko kurudia mara thelathini kwa mkao mmoja. Kipindi cha Ramadhani, kwa wanaofunga, geuza: kipya kwanza wakiwa bado na nguvu, kurudia baadaye.

*Binti yangu ana miaka tisa, Gredi ya 4. Hana fujo kabisa, mwalimu anamsifu kwa upole. Lakini akili yake huwa haipo. Unamwita mara tatu. Daftari limejaa kazi nusu nusu. Wakati mwingine anakodoa macho tu. Nimeambiwa ataacha akikua. – Mama wa Changamwe*

Usisubiri akue, Mama. Watoto wapole ndio hupitwa, hasa wasichana, kwa sababu hawamsumbui mtu.

Anza na hayo macho ya kukodoa. Mtoto anayeota ndoto za mchana ukimgusa bega hurejea. Kuna namna ya kifafa isiyo na kuanguka wala kutetemeka: mtoto hukatika katikati ya neno, hukodoa kwa sekunde kama kumi, pengine kope zinacheza, haitikii hata akiguswa, kisha anaendelea kama hakuna kilichotokea na hakumbuki. Inaweza kutokea mara nyingi kwa siku. Ina dawa, na ikidhibitiwa masomo hurudi. Kwa wiki moja wewe na mwalimu mguseni bega kila akikodoa, mwandike saa, muda na kama alirejea. Ukiweza, mchukue video kwa simu. Daktari ataithamini kuliko maelezo.

Pili, masikio na macho. Simama nyuma yake hatua tatu, nong'ona jina lake na maneno mawili, sikio moja moja. Maji nyuma ya ngoma ya sikio baada ya mafua ya mara kwa mara hupunguza usikivu bila maumivu, na mtoto hana habari kwamba hasikii. Muulize asome ubao kutoka nyuma ya darasa. Kukoroma kila usiku kwa mdomo wazi, minyoo na upungufu wa damu pia huvuta akili. Vipimo vyake vinapatikana kwenye hospitali za kawaida.

Yakiwa yote salama, ndipo hufikiriwa hali iitwayo ADHD, ambayo ina sura ya kutotulia na pia sura hii ya kimya, ya kupoteza umakini peke yake. Haitambuliwi kwa siku moja. Dalili ziwe zimedumu angalau miezi sita, zimeanza kabla ya miaka 12, na zionekane sehemu mbili au zaidi, kwa mfano skuli na nyumbani. Ikiwa ni darasani kwa mwalimu mmoja tu, tatizo huenda liko kwenye somo au kwenye hofu, na hapo muulize kwa utaratibu kama kuna anayemwonea.

Pa kuanzia ni kituo cha tathmini ya elimu, ambacho walimu hukiita EARC. Vilianzishwa nchini miaka ya 1980, na ofisi ya elimu ya kaunti ndogo yako itakuelekeza kilicho karibu. Nenda na kadi yake ya kliniki ya utotoni, madaftari mawili yenye kazi nusu nusu, ripoti za mihula mitatu, yale maandishi ya wiki moja, na barua ya mwalimu inayotaja anachokiona, kama "huanza kazi baada ya dakika kumi", badala ya "ni mvivu". Huku mkisubiri, mwalimu amkunjie karatasi ya kazi nusu, amalize juu kisha afungue chini, na amguse bega kabla ya kutoa maagizo.

Na mwambie binti yako mapema. Mwambie kwamba huko hakuna anayemtafutia kosa, ataulizwa maswali, atachora, atapanga vitu, na utakuwa nje ya mlango ukimngoja.